Kwa nini 236 inakurusha juu badala ya kutoa moto: jinsi ya kusoma na kuandika kombo za gemu za kupigana

"Habari mtaalamu. Nimeanza gemu za kupigana si muda mrefu, nilianza na Tekken 8 sasa nimehamia Street Fighter 6. Nikitafuta kombo (mapigo yanayoungana mfululizo) mtandaoni nakuta watu wameandika vitu kama 2MK > 236HP, 623P, [4]6P. Nikaambiwa namba ni za keypad, nikafungua keypad ya simu nikawa nafuata, lakini kila nikifanya 236 Ryu anaruka badala ya kurusha moto. Ajabu ni kwamba Guile namtolea Sonic Boom kwa [4]6P vizuri tu. Halafu Tekken nilizoea 1 ni ngumi ya kushoto, huku 1 ni nini? Na hizi alama za > na ~ na koma zina maana gani? Maana hata nikielekezwa namba zote kombo inakatikia katikati, mpinzani anablok. Je mimi ndio mzito, pedi ni mbovu, au niachane na namba nijichoree mishale tu kwenye daftari? Na kidole gumba kimeanza kuuma."

Ndugu yangu, umeuliza mengi kwa mpigo ila nashukuru umeeleza kwa undani, maana jibu la tatizo kubwa umeliweka mwenyewe humo humo kwenye swali. Umesema 236 inakurusha juu lakini [4]6P inatoka. Hapo nikajua moja kwa moja kwamba wewe si mzito, na pedi yako yawezekana kabisa ni nzima. Umeelekezwa keypad, ila umeshika keypad isiyo yenyewe.

Angalia simu yako tena. Mstari wa juu ni 1 2 3, wa kati 4 5 6, wa chini 7 8 9. Sasa tafuta kibodi ya kompyuta yenye namba za pembeni upande wa kulia uangalie: juu kuna 7 8 9, katikati 4 5 6, chini 1 2 3. Zimepinduana. Namba za kombo zinafuata hiyo ya kompyuta, kwa hiyo 2 ni chini, 8 ni juu, 4 ni nyuma, 6 ni mbele, na zile za kona ni 1 chini-nyuma, 3 chini-mbele, 7 juu-nyuma, 9 juu-mbele, na 5 pale katikati ni kuachia, yaani hujagusa upande wowote. Ukisoma 236 kwa kompyuta unapata chini, chini-mbele, mbele, ule mzunguko wa robo unaotoa Hadoken, yaani ule moto wa Ryu. Ukisoma kwa simu unapata juu, juu-mbele, mbele, na hapo Ryu hana namna, lazima aruke. Mstari wa kati ndio pekee unaofanana kwenye keypad zote mbili, ndio maana Sonic Boom ilikuwa inatoka, 4 ni nyuma na 6 ni mbele popote pale. Ungejaribu ile Flash Kick ya Guile, [2]8K (shikilia chini, halafu juu na teke), ungeona nayo inagoma kabisa.

Kingine kinachowachanganya wengi ni upande. Hizi namba zimeandikwa kana kwamba mtu wako amesimama kushoto anaangalia kulia, lakini maana halisi ya 6 ni mbele, kumwelekea mpinzani, sio kulia. Mkipishana ukajikuta uko kulia, 236 inabaki kuandikwa 236 ila mkono wako sasa unakwenda chini, chini-kushoto, kushoto. Usiandike kombo mara mbili kwa ajili ya pande mbili, utajaza daftari bure. Unaandika moja, mkono ndio unageuza.

Na hakuna sifuri. Nasema hivi kwa sababu utakutana na 360 kwa wahusika kama Zangief, yule mpiga mieleka wa Street Fighter, na utaanza kuitafuta 0 iko wapi. Ile ni digrii, mzunguko mzima wa fimbo ya pedi, haihusiani na keypad. Gemu nyingi hata hazidai uzunguke mzunguko mzima ukamilike.

Sasa tuje kwenye 1 ya Tekken na 1 ya Street Fighter, maana hili ukilielewa mengine yote yanakaa sawa. Kuandika pigo unahitaji vitu viwili, mwelekeo na kitufe. Ili msomaji asichanganyikiwe lazima kimoja kitumie namba na kingine kitumie herufi. Wacheza Street Fighter, Guilty Gear, King of Fighters na nyingine za jamii hiyo wengi wameamua mwelekeo uwe namba na vitufe viwe herufi. Wacheza Tekken wakageuza: vitufe ndio namba, 1 mkono wa kushoto, 2 mkono wa kulia, 3 mguu wa kushoto, 4 mguu wa kulia, basi mwelekeo ikabidi uwe herufi, f mbele, b nyuma, d chini, u juu, na kona ni d/f, d/b na kadhalika. Kwa hiyo 1,1,2 ya Tekken ni ngumi tatu, kushoto kushoto kulia. Hizo hizo 1 1 2 ukizipeleka kwenye Street Fighter ni mtu amejikunja chini-nyuma halafu chini, hajapiga hata ngumi moja. Hakuna mfumo uliokosea hapo, kila mmoja umejitosheleza nyumbani kwake, shida inakuja pale unapohama gemu bila kuhama mfumo kama ilivyokutokea.

Mortal Kombat nao wanatumia 1 2 3 4 kwa vitufe kama Tekken, na kwenye pedi vinakaa sehemu zile zile, ila maana ni tofauti, 1 ni ngumi ya mbele, 2 ngumi ya nyuma, 3 teke la mbele, 4 teke la nyuma.

Herufi nazo zina mitego yake. LP, MP, HP ni ngumi nyepesi, ya kati na nzito, LK, MK, HK ni mateke kwa utaratibu huo huo, na ukiona P peke yake maana yake ngumi yoyote itafanya kazi. Hiyo ni Street Fighter. Ukienda King of Fighters A ni ngumi nyepesi, B teke jepesi, C ngumi nzito, D teke zito. Soulcalibur A ni pigo la silaha la kukata kwa mlalo, B la wima, K teke, G kublok. Na kwenye pedi ya Xbox A ni kitufe cha chini tu, haina maana ya pigo lolote. Ndio maana mtu akikutumia kombo bila kutaja jina la gemu na jina la mhusika, mrudishie umuulize kwanza kabla hujapoteza jioni nzima. Guilty Gear wana P, K, S, HS na D, na utaona c.S na f.S, hizo ni S ya karibu na S ya mbali, kitufe ni kile kile ila gemu inachagua pigo kulingana na umbali wenu. Herufi j na nukta mbele ya pigo maana yake unapiga ukiwa hewani, mfano j.HK.

Kabla sijafika kwenye alama, jambo moja la Street Fighter 6 ambalo huenda linakuhusu. Gemu ile ina aina kadhaa za kuendesha, Classic na Modern ndizo watu wengi wanatumia. Kombo zenye LP mpaka HK zimeandikwa kwa ajili ya Classic. Kama ulipoanza ulichagua Modern bila kufikiria, huna vitufe sita vya mapigo, una chepesi, cha kati, kizito na kile cha mapigo maalumu, na baadhi ya mapigo ya kawaida hayapo kabisa. Siyo vibaya kucheza Modern hata kidogo, ila tafuta kombo zilizoandikwa kwa Modern, usihangaike kutafuta MK ambayo kwenye pedi yako haipo.

Haya, alama. Hapa ndipo kombo yako inapokatikia na ndipo nataka tukae zaidi, maana watu wengi wanasoma namba na herufi wanaruka alama kama vile ni mapambo, kumbe alama ndiyo inakwambia pigo la kwanza linaunganaje na la pili.

Kuna namna mbili kubwa za kuunganisha. Ya kwanza ni kukata, wengi wanasema kukanseli, na kwenye Street Fighter ndiyo mara nyingi inaandikwa kwa > au kwa xx kwenye maandishi ya zamani. Kila pigo lina sehemu tatu, kuanza, kugusa, na kurudi. Ukirusha teke, mguu unakwenda, unagusa, halafu unarudi mahali pake, na wakati unarudi huwezi kufanya kitu. Ukikata, ile sehemu ya kurudi inafutwa na pigo maalumu linaanza hapo hapo. Tuchukue huo mfano wako, 2MK > 236HP. Ni teke la kati ukiwa umechuchumaa, unalikata kwa Hadoken nzito. Watu wengi wanaoanza wanapiga teke, wanasubiri waone limegusa, wanaona mguu umerudi, ndio wanaanza kuzungusha 236, na hapo wameshachelewa kwa sababu hakuna tena cha kukata. Unatakiwa uwe umeshamaliza kuzungusha wakati mguu bado uko kwenye mwili wa mpinzani. Inawezekana kuliko unavyodhani, kwa sababu kwanza pigo likigusa gemu inaganda kidogo sana kwa wote wawili na kile kipindi kinakusaidia, na pili, angalia maandishi yenyewe: 2MK unaipiga ukiwa tayari umekandamiza chini, yaani 2 ya 236 unayo mkononi. Kilichobaki ni kuteleza 3, 6 na kubonyeza HP. Piga MK na muda ule ule kidole kianze kuteleza, usisubiri kuona chochote. Jaribu hivyo leo, nina imani kubwa utaona tofauti.

Namna ya pili ni kuunga bila kukata, wanaiita linki, na kwa Street Fighter mara nyingi inaandikwa kwa koma. Hapo pigo la kwanza linamalizika lote mpaka mwisho, mkono unarudi kabisa, ila mpinzani bado anayumba kwa lile pigo, na wewe unawahi kumpiga jingine kabla hajapata fahamu. Gemu hizi zinahesabu muda kwa fremu, na sekunde moja ina fremu 60. Ukiona kwenye jedwali la fremu pigo limeandikwa +4 likigusa, maana yake wewe unakuwa huru fremu 4 kabla ya mpinzani, kwa hiyo pigo linalofuata likiwa linaanza kwa fremu 4 au pungufu litaunga, likiwa la fremu 5 atablok hata ukiwa na kasi kiasi gani. Na kubonyeza haraka haraka kama wakati wa kukata hakukusaidii, maana ukibonyeza mapema mno mtu wako bado hajamaliza pigo la kwanza na gemu inaweza isipokee kabisa. Unaona sasa? Koma inakwambia tulia kidogo, > inakwambia wahi. Mtu akisoma zote kama "halafu" anazipiga kwa mwendo mmoja, na lazima mojawapo ikatike, kama inavyokatika kwako.

Tahadhari: hizi alama hazijapitishwa na mamlaka yoyote, watu wamezizoea tu, kwa hiyo wapo wanaotumia > kwa kila kitu. Na kwenye Tekken koma haina maana ya linki kabisa, ni kutenganisha tu vitufe vya mfululizo mmoja. Kule wana alama zao nzuri sana: + ni vitufe pamoja, ~ ni kimoja na kingine papo hapo bila pengo, na nukta mbili : ni fremu ile ile, usipopatia hupati. Ile Electric ya Kazuya (kirefu chake Electric Wind God Fist) ambayo nina hakika umeshaisikia huko ulikotoka inaandikwa f,n,d,d/f:2, mbele, achia, chini, halafu chini-mbele na ngumi ya kulia zikutane ndani ya fremu moja. Ukiandika + badala ya hizo nukta mbili unakuwa umeandika pigo jingine dogo, ile Wind God Fist ya kawaida. Kialama kimoja, pigo tofauti. Kule pia herufi kubwa maana yake kushikilia, F ni shikilia mbele wakati f ni gusa tu, kwa hiyo usiwe unaandika kubwa na ndogo ovyo.

Mabano ya mraba umeshakutana nayo, [4]6P, yaani shikilia 4 kwanza, kama sekunde hivi au pungufu kidogo kutegemea gemu, halafu 6 na ngumi kwa pamoja. Mengine utayazoea njiani, CH ni kumpiga mtu wakati yeye mwenyewe anarusha pigo, x na namba ni kurudia, 66 ni kuchomoka mbele, 44 kurudi nyuma haraka, na 5LP ni ngumi nyepesi umesimama, ingawa wengi 5 hawaiandiki.

Sasa kuhusu mishale. Sitakwambia mishale ni mibaya, kwa siku za mwanzo inasaidia kwa sababu jicho linaelewa bila kujifunza chochote, na gemu zenyewe zinakuonyesha orodha ya mapigo kwa mishale. Lakini mshale unachora kulia wakati unamaanisha mbele, na kuandika mshale wa kona kwenye simu ni usumbufu, na kombo ndefu ya mishale kwa mwandiko wa mkono ukirudi baada ya wiki huisomi. Herufi za mwelekeo nazo kwenye gemu za jamii ya Street Fighter naona zina matatizo, chukulia King of Fighters, ukiandika B ni nyuma au ni teke jepesi? Ushauri wangu bila kuzunguka ni huu: Street Fighter andika kwa namba, Tekken andika kwa mfumo wa Tekken, usijaribu kutunga mfumo mmoja wa gemu zote, maana siku ukitaka kumuuliza mtu au kusoma ya wenzako utakuwa unatafsiri kila mara.

Kuna faida nyingine ya namba ambayo mishale haikupi kirahisi, nayo ni kwamba makosa yako unayaona kwa macho. Chukua hili linalowasumbua karibu wote: mtu anatembea mbele, anataka kurusha moto, badala yake anapaa na Shoryuken, ile ngumi ya kupaa juu. Anailaumu pedi. Andika alichofanya: alikuwa anatembea, yaani 6, halafu akazungusha 236. Ukiziweka pamoja unapata 6236, na ukitazama vizuri mwanzoni mwa hizo kuna 623, ambayo ndiyo Shoryuken yenyewe. Gemu imesoma ulichoandika kwa kidole. Dawa ni kuachia fimbo irudi 5 kidogo kabla hujaanza 236. Vile vile pigo la hewani linalotolewa karibu kabisa na ardhi linaandikwa 2369 na kitufe, na ukishajua 9 ni kuruka mbele huna haja ya kuelezwa zaidi, umezungusha ukiwa chini ukamalizia kwa kuruka.

Kwenye daftari, juu ya kila ukurasa andika gemu, mhusika, na kama ni Classic au Modern. Halafu kabla ya kombo yenyewe andika inaanzia wapi, je ni popote au kwenye kona ya uwanja tu, je inahitaji CH, inakula kiasi gani cha mita (ile akiba ya nguvu inayojaa kwenye skrini). Kombo nyingi ambazo watu wanasema "hii haifanyi kazi" zinafanya kazi vizuri, ni vile aliyenakili aliacha neno kona. Na pembeni ya alama ngumu andika maneno yako mwenyewe kama "hapa subiri" au "hapa wahi", maana hakuna mfumo wowote, hata uwe mzuri vipi, unaoandika mdundo. Huo unaupata kwa kutazama video ya ile kombo huku maandishi yako mbele.

Kuhusu pedi, ipime badala ya kuikisia. Ingia sehemu ya mazoezi, washa ile orodha ya kuonyesha unachobonyeza pembeni ya skrini, uzungushe 236 polepole mara nyingi pande zote mbili. Ikionyesha chini, kona, mbele kila mara, pedi ni nzima. Ikikosa kona upande mmoja mara kwa mara hata ukizungusha polepole kabisa, jaribu pedi nyingine, na kama kwa nyingine inatoka basi ipeleke yako kwa fundi. Ikikosa kona kwenye pedi zote mbili basi kidole ndicho kinaruka toka 2 kwenda 6 bila kupita 3, na hiyo inarekebishika kwa kupunguza mwendo. Kama baada ya hapo bado kombo inakugomea, mtafute mtu anayeijua gemu akae pembeni yako aangalie mikono, asiangalie skrini. Mambo kama kukandamiza vitufe kwa nguvu au kushika pedi kwa kukakamaa huwezi kuniandikia, mwenyewe huyaoni.

Hilo la kidole gumba sitaki ulichukulie poa. Punguza muda wa mazoezi, kandamiza kwa wepesi, pumzika katikati, na kikiuma acha siku hiyo, usilazimishe. Maumivu yakibaki hata siku ambazo hujacheza, au ukiona uvimbe, ganzi, au kidole kinakwama ukikikunja, nenda kwa daktari akikague kwa mikono yake, na mpaka akuruhusu pedi ikae pembeni.